Gari limegoma kukimbia: matatizo ya mwanga na mwendo kwenye Photoshop na GIMP

Kazi hii wabunifu wa matangazo wanaijua vizuri. Gari limepigwa picha mchana likiwa limeegeshwa, na mteja anataka lionekane linakimbia usiku, taa zinawaka, tairi zinazunguka. Nitatumia mfano huo mwanzo hadi mwisho: Hiace ya daladala iliyopigwa picha kutoka ubavuni. Majina ya menyu za Photoshop na GIMP, programu za kuhariri picha, nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ili uyapate bila kubahatisha.

Kasoro nyingi nitakazotaja zina chanzo kimoja kati ya viwili. Ama programu haikupata pikseli za kufanyia kazi pale ulipotaka, ama tumeichora picha ambayo kamera isingeweza kuipiga. Za kwanza hutatuliwa kwa dakika moja. Za pili ndizo zinazokula usiku, na ndizo nitakazokaa nazo zaidi.

Filta imefifia kwenye menyu, au inakataa

Anza na Image > Mode. Faili ya GIF ikifunguliwa kwenye Photoshop huwa iko Indexed Color, na hapo filta zote hufifia. Ikiwa CMYK (rangi za wino wa kuchapia), baadhi zinabaki na nyingine, kama Lens Flare (mng'ao wa lenzi), zinafifia. Igeuze iwe RGB (rangi za skrini), maliza kazi ya mwanga, mambo ya uchapaji utayashughulikia mwishoni.

Ukipata ujumbe kwamba eneo lililochaguliwa ni tupu, maana yake umeomba Lens Flare kwenye leya (tabaka la picha) mpya isiyo na kitu. Jaza leya hiyo rangi nyeusi, weka mwanga wako, kisha badilisha modi ya leya iwe Screen. Nyeusi itatoweka, mwanga utabaki, na utaweza kuusogeza au kuupunguza bila kugusa picha ya chini.

Ukungu wa mwendo ukikatika ghafla kwenye mstari ulionyooka, angalia mambo matatu: selekisheni uliyoisahau (Ctrl+D kwenye Photoshop, Shift+Ctrl+A kwenye GIMP), kufuli ya pikseli zisizo na rangi juu ya orodha ya leya, na kwa wa GIMP, mipaka ya leya yenyewe. Leya ya GIMP inaweza kuwa ndogo kuliko picha, na kitu kikifika ukingoni mwake kinaishia hapo. Layer > Layer to Image Size inamaliza tatizo hilo.

Rangi ya gari imevuja kuzunguka gari

Hii ndiyo kasoro ninayoiona kwenye mabango mengi kuliko nyingine yoyote. Mandhari ya nyuma yana mwendo, gari liko kali (halina ukungu), lakini kuna utando wa rangi ya gari mbele ya bampa na nyuma yake, kama vile gari lina pacha hafifu aliyelala chini yake.

Chanzo ni kwamba leya ya nyuma bado ina gari. Mbunifu amelikata gari, ameliweka leya ya juu, halafu ametia Motion Blur (filta ya ukungu wa mwendo) kwenye picha ya chini ambayo haikuguswa. Filta hiyo huchukua kila pikseli na kuichanganya na jirani zake kwenye mstari mmoja. Jirani wa lami iliyo karibu na bampa ni bampa, kwa hiyo lami inapakwa rangi ya bampa.

Dawa ni kulitoa gari kwenye nakala ya nyuma kabla ya ukungu. Chagua gari, panua selekisheni kwa pikseli 10 hadi 20 kwa Select > Modify > Expand, halafu Edit > Content-Aware Fill. Kwenye GIMP tumia Clone na Heal. Usitafute uzuri hapa, sehemu hiyo itafunikwa na gari lenyewe. Unachohitaji ni rangi tu: lami iendelee kuwa lami, ukuta uendelee kuwa ukuta, ukingo wa barabara upite moja kwa moja. Baada ya hapo tia Motion Blur, kisha zima leya ya gari na utazame. Ukiona bado kuna doa la rangi ya gari pale lilipokuwa, hujamaliza kufuta.

Kuna sehemu mbili zinazosahaulika hata na waliofanya hayo yote. Moja ni vioo. Kupitia madirisha ya Hiace unaona duka la upande wa pili, na duka hilo likibaki kali wakati kila kitu nje kinakimbia, jicho linakataa picha nzima hata kama mtazamaji hawezi kueleza kwa nini. Tengeneza maski (kifuniko cha kuficha sehemu za leya) kwenye leya ya gari, paka brashi ya kijivu juu ya vioo ili ukungu wa leya ya chini upenye. Abiria na viti usiwaguse, hao wanasafiri na gari.

Nyingine ni kivuli kilicho chini ya gari. Kivuli husafiri na gari pia. Kikiachwa kwenye leya ya nyuma kitavutwa pamoja na barabara, na gari litaonekana linaelea. Kifute pamoja na gari, kisha kichore upya kwenye leya yake yenye modi ya Multiply (inayotia giza), katikati ya gari na lami. Kingo zake ziwe laini kiasi, lakini mchirizi wa lami upite ndani yake bila kukatika.

Gari linatetemeka badala ya kukimbia

Umetia Motion Blur kwenye gari lenyewe, na sasa linaonekana kama lilipigwa picha na mtu aliyetikisika mkono. Filta inavuta rangi pande zote mbili kwa kiasi sawa, mbele na nyuma, na jicho halipewi dalili gari linaelekea wapi.

Weka gari kali juu, nakala yenye ukungu chini yake, na isogeze nakala hiyo nyuma mpaka mchirizi uanzie kwenye mwili wa gari. Kilichobaki mbele ya bampa kifute kwa maski. Photoshop kuanzia toleo la 2014 ina Path Blur ndani ya Blur Gallery, na humo kuna chaguo la Rear Sync Flash ambalo huiga kamera inayowasha flashi mwishoni mwa muda wa shata (pazia la kamera linaloingiza mwanga): umbo kali mbele, mchirizi nyuma. Kwa kazi ya haraka linatosha.

Angalia na pembe. Hiace iliyopigwa ubavuni haikai sawasawa na ukingo wa picha, karibu siku zote inainama kidogo. Tumia Ruler, buruta kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, soma namba ya A juu ya skrini, iandike kwenye Angle ya Motion Blur. Mchirizi ukielekea kinyume, badilisha alama ya kuongeza na kutoa. GIMP ina Measure kwa kazi hiyohiyo.

Kasi haiaminiki

Hapa watu wanasukuma kitelezi mpaka "ionekane poa", na matokeo yake tairi zinasema kilomita 20 wakati barabara inasema 150. Hesabu yake ni fupi, na nakuomba uifanye walau mara moja kwa karatasi.

Kilomita 60 kwa saa ni mita 16.7 kwa sekunde. Shata ikikaa wazi kwa sekunde 1/60, gari linasogea sentimita 28. Hiace yenye mwili mrefu ina kama mita 4.7 kutoka bampa hadi bampa. Ikiwa kwenye picha yako inachukua pikseli 1,410, kila mita ni pikseli 300, na sentimita 28 ni pikseli 83 hivi. Hiyo ndiyo namba ya Distance kwenye Motion Blur. Ukitaka mwendo mkali zaidi, fungua shata ya kufikirika kwa 1/30, upate pikseli 167, au 1/15, upate kama 333.

Sasa tairi. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 70 lina mzingo wa mita 2.2. Kwa mita 16.7 kwa sekunde linazunguka mara 7.6 kila sekunde, na ndani ya 1/60 linamaliza moja ya nane ya mzunguko, yaani nyuzi 45. Kwa 1/30 ni nyuzi 90 na kitu. Kwa hiyo Distance ya 83 inakwenda na mzunguko wa 45, na 167 inakwenda na 90. Ukivunja uhusiano huo, picha inasema uongo katika sehemu mbili tofauti. Na usisahau kwamba namba hizi ni za ukubwa huu wa picha. Ukiipunguza nusu kabla ya kutia filta, ukungu nao upunguze nusu.

Kwa mzunguko wenyewe, Radial Blur yenye Spin huchukua nyuzi moja kwa moja, ila inajua duara tu. Tairi lililopigwa kwa pembe ni yai. Ama ulinyooshe kwa Free Transform liwe duara, ulizungushe, ulirudishe, ama utumie Spin Blur ya Blur Gallery ambayo inakubali umbo la yai. Zungusha rimu na tairi, lakini kile kipande cha bodi kinacholifunika tairi juu kibaki kimetulia. Rimu ikichafua bodi, inaonekana kama gari linayeyuka.

Vitu vya mbali vinakimbia sana, au vya karibu vimesimama

Jiulize mpiga picha wa kufikirika yuko wapi. Akiwa amesimama kando ya barabara na kuifuata Hiace kwa kugeuza kamera, kila kilichosimama kinavutika karibu kwa kiasi kilekile, nguzo ya karibu na jengo la mbali, kwa sababu kamera imezunguka tu. Hapo Motion Blur moja kwa nyuma nzima ni sahihi. Akiwa ndani ya gari jingine linalokwenda sambamba, vya karibu vinapita kasi na mlima wa mbali hautikisiki. Hapo gawa nyuma katika leya mbili au tatu zenye Distance tofauti. Ukichanganya hali hizi mbili kwenye picha moja, hakuna filta ya kukuokoa.

Michirizi ya taa imekuwa ya kijivu

Umechukua taa ya nyuma inayong'aa vizuri, umeivuta kwa Motion Blur, na badala ya mchirizi mwekundu wa moto umepata kitu kama vumbi. Wengi wanaongeza Brightness, kisha wanalaumu kompyuta.

Tazama kinachotokea kwenye namba. Taa nyeupe yenye upana wa pikseli 20 ina thamani 255, yaani weupe kamili. Ukiivuta juu ya giza kwa pikseli 100, mwanga uleule unagawanywa mara tano, na 255 kugawanya kwa 5 ni 51. Hiyo ni kijivu cheusi. Kuna makosa mawili ndani ya hesabu hiyo. La kwanza, namba za picha ya kawaida ya biti 8 (0 hadi 255) zimekunjwa ili ziendane na jicho, haziwakilishi mwanga wenyewe. Ungegawanya mwanga halisi mara tano ungepata kama 124. La pili ni kubwa zaidi: taa ya gari ina mwanga mwingi mno kuliko weupe wa 255. Kamera iliikata pale kwa sababu haina namba ya juu zaidi. Kwenye picha halisi ya usiku, taa ikigawanywa mara tano bado inabaki nyeupe.

Basi irudishie taa nguvu iliyopotea kabla ya kuivuta. Nakili taa pekee kwenye hati mpya yenye nyuma nyeusi. Igeuze iwe 32 Bits/Channel kwa Image > Mode, au kwenye GIMP kwa Image > Precision, chagua 32-bit floating point na linear light. Ongeza Exposure kwa stopu 3, ambayo ni kuzidisha mwanga mara 8. Usishangae taa ikionekana haijabadilika, namba zimepanda ndani ingawa skrini haiwezi kuzionyesha. Sasa tia Motion Blur. Moja ya tano ya 8 ni 1.6, bado juu ya weupe kamili, na mchirizi unatoka unawaka. Ukirudi biti 8 Photoshop inaweza kukuletea kidirisha cha HDR Toning, chagua Exposure and Gamma ili isikubadilishie sura. Kisha leta mchirizi kwenye picha yako kwa Screen.

Ukitaka michirizi mirefu inayofuata kona ya barabara, chora njia kwa Pen na uipake kwa Stroke Path. Ikitoka nene mwanzo hadi mwisho ingawa umeweka alama kwenye Simulate Pressure, fungua mipangilio ya brashi, Shape Dynamics, na uweke Control iwe Pen Pressure. Bila hiyo brashi haina cha kubadilisha. Kwenye GIMP ni Emulate brush dynamics pamoja na dynamics inayogusa ukubwa.

Taa inawaka lakini haimuliki kitu

Taa ya mbele ina mng'ao mzuri, lakini lami iliyo mita mbili mbele yake ni giza tupu. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili unabaki na robo. Kwa hiyo karibu na gari lami iwe angavu sana, kisha ishuke haraka, halafu ififie taratibu. Mpito wa rangi ulionyooka kutoka nyeupe hadi nyeusi unaonekana umepakwa kwa sababu unashuka kwa hatua sawa. Tumia Curves kwenye nakala ya picha ya mchana, ifunue kwa maski pale mwanga unapofika, na mashimo na kokoto za lami zitajitokeza zenyewe. Hilo brashi ya njano haiwezi kulifanya.

Rangi nayo: kiini cha taa kiwe cheupe, rangi ikae pembeni. Taa ya breki yenye wekundu uleule toka katikati hadi ukingoni inafanana na stika.

Kisanduku cheusi, au mng'ao usioonekana

Ukiona mstatili mweusi kuzunguka mng'ao, ama leya iko Normal badala ya Screen, ama umeziunganisha leya mbili za Screen na programu imerudisha matokeo Normal, ama kundi lenye leya hizo limebadilishwa kutoka Pass Through kuwa Normal, hivyo Screen inafanya kazi ndani ya kundi tu. Kama unahitaji PNG ya mng'ao peke yake isiyo na nyuma, Screen haitakusaidia. Kwenye GIMP tumia Colors > Color to Alpha na uchague nyeusi.

Kinyume chake, Outer Glow isiyoonekana kabisa kwenye nyuma nyeupe si hitilafu. Modi yake ya kuanzia ni Screen, na nyeupe haiwezi kuongezwa mwanga. Tia nyuma giza, au badilisha modi iwe Normal.

Miale inatoka pasipo na jua

Miale hutengenezwa kwa kunakili sehemu angavu, kuzitia Radial Blur ya Zoom, na kuzirudisha kwa Screen. Ikionekana na chembechembe, ubora uko Draft, weka Best. Ikitoka katikati ya picha ilhali jua liko kona, hukusogeza Blur Center. Jua likiwa nje ya fremu, panua turubai mpaka liingie, tia filta, kisha kata picha irudi ilivyokuwa.

Anga lina mikanda, taa zina vibokisi

Mng'ao kwenye giza ukionyesha ngazi, hesabu: mpito kutoka 10 hadi 40 una hatua 30 tu, na ukitandazwa kwenye pikseli 900 kila hatua ni mkanda wa pikseli 30. Fanya kazi kwenye biti 16 kabla ya kuchora mpito, maana kubadilisha baadaye hakurudishi hatua ambazo hazikuwepo. Kisha ongeza Add Noise ya asilimia 1 hivi, Gaussian na Monochromatic. Chembe hizo zinafanya kazi nyingine pia. Ukungu umefuta chembe za kamera kwenye mandhari ya nyuma, na gari bado linazo, kwa hiyo kuzirudisha kunafanya vitu hivyo viwili vionekane vimepigwa siku moja. Kagua kwa ukubwa wa asilimia 100, ukubwa mwingine wa kutazama hukudanganya.

Vibokisi kuzunguka taa nyekundu vinatoka kwenye JPEG, ambayo mara nyingi huhifadhi rangi moja kwa kila pikseli nne. GIMP inakuruhusu kuchagua 4:4:4 wakati wa kutoa faili, ichague. Na mteja anapotaka picha kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama picha itabanwa upya.

Kwenye bango mng'ao umekufa

Skrini inatoa mwanga, karatasi na flexi (turubai la bango) zinarudisha tu ule unaoziangukia. Bluu ya taa za LED inayokuvutia kwenye kompyuta haipo ndani ya wino. Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, washa View > Proof Setup > Working CMYK, kisha Shift+Ctrl+Y, uone sehemu gani zitapotea. Unganisha leya zote ukiwa bado RGB, kwa sababu Screen hukokotolewa tofauti ndani ya CMYK na mng'ao unaweza kubadilika sura. Usijaribu kuiongezea taa nguvu, imeshafika weupe wa karatasi. Punguza mwanga wa vilivyoizunguka, anga, lami, bodi ya gari, hatua moja baada ya nyingine, na uombe kipande kidogo cha majaribio kwenye mashine itakayochapa kazi yenyewe kabla hujaruhusu mita zote.